Ndege Aliyewekwa Lindoni

Mwezi huu nimepokea barua ya mama mmoja, mke wa konstebo, akaaye na mumewe katika kambi ya polisi ya nyanda za baridi. Aeleza kwamba mvua zikianza, majirani zake huingiza sigiri ya makaa ndani ya nyumba usiku ili watoto wapate joto. Yeye alipoonyesha hofu, aliambiwa bombani maneno haya: "Laza kuku ndani. Hewa ikiharibika kuku atapiga kelele, nawe utaamka." Mama huyu auliza kama jambo hilo ni kweli, au ni porojo za foleni ya maji.

Nitamjibu kwa kirefu. Maneno ya majirani zake hayakuzuka hivi hivi. Yana asili, na asili yake ni ya heshima, maana wanyama wamewekwa lindoni dhidi ya hewa mbaya kwa zaidi ya miaka 100, na watu wengi wameokoka kwa ajili yao. Lakini habari hiyo imefika kambini ikiwa nusu, na ile nusu iliyoanguka njiani ndiyo iliyokuwa ikiokoa watu.

Asili yenyewe ni machimbo ya makaa ya mawe ya Uingereza. Tarehe 27 Januari 1896 kulitokea mlipuko katika mgodi wa Tylorstown, huko Wales, watu 57 wakafa. Mtaalamu mmoja wa elimu ya mwili wa binadamu, John Scott Haldane wa Chuo Kikuu cha Oxford, alikwenda kuzichunguza maiti. Wakati huo watu wengi waliamini kwamba wafao katika milipuko ya migodini huuawa na moto na kishindo. Haldane aliona jambo jingine. Wengi wa marehemu hawakuwa na jeraha la kuua. Ngozi zao zilikuwa na wekundu mzuri, kama wa watu wenye afya waliojilaza baada ya kazi. Wekundu huo ndio uliomfichulia siri: hawakuuawa na mlipuko, bali na hewa iliyobaki nyuma ya mlipuko.

Hewa hiyo yaitwa kaboni monoksidi. Huzaliwa pale makaa, kuni, mafuta au petroli yanapoungua bila kupata hewa ya kutosha. Haina rangi wala harufu, haiwashi macho, haimkohozi mtu. Chembe nyekundu za damu, ambazo kazi yake ni kubeba oksijeni mwilini, huishika hewa hii kwa nguvu ipitayo zaidi ya mara 200 ile ya kushika oksijeni. Kwa hiyo mtu huendelea kupumua kama kawaida, kifua hakimbani, na huku damu yake yazunguka bure kama lori lililojazwa mawe badala ya posho. Haldane aliijaribu hewa hiyo kwa panya na kwa mwili wake mwenyewe, akathibitisha kwamba mnyama mdogo hulegea mapema sana, mtu mzima angali hajasikia lolote. Hapo akatoa shauri kwamba waingiao mgodini baada ya mlipuko wachukue mnyama mdogo: panya, au ndege.

Sababu yake si uchawi. Kiumbe mdogo hupumua upesi sana kwa kadiri ya uzito wake, na damu yake huzunguka upesi. Ndege amezidi, kwa kuwa ana mifuko ya hewa ndani ya mwili ambayo hupitisha hewa mpya mapafuni wakati wa kuvuta pumzi na wakati wa kuitoa pia. Lililo sumu kwetu kwa nusu saa ni sumu kwake kwa dakika chache.

Ndege aliyechaguliwa ni kanari, ndege mdogo wa manjano, wa ukoo mmoja na chiriku wetu. Msomaji ajua ni mtu wa namna gani tumwitaye chiriku: yule asiyefunga mdomo. Basi tabia hiyo iliyo kero sebuleni ilikuwa neema shimoni. Panya akilegea hujikunyata pembeni, nawe huwezi kujua kama amezimia au amesinzia. Kanari hukaa juu ya kijiti na kulialia. Akianza kuyumba utamwona, akianguka utamsikia, na akinyamaza ghafula hata mtu aliyempa mgongo hugeuka.

Hapa sharti nisahihishe jambo moja ambalo hata waliosoma hulikosea. Wengi hudhani kila mchimba makaa alishuka na ndege wake kila asubuhi. Kazi kubwa ya ndege huyu ilikuwa kufuatana na vikosi vya uokoaji, watu wanaoingia mgodini baada ya moto au mlipuko, wakijua kwamba hewa mbaya yawezekana iko mbele yao. Walikuwa macho, walikuwa na taa, na njia ya kurudi ilikuwa wazi nyuma yao. Tena hawakumtupa mlinzi wao. Haldane alibuni tundu lenye kioo upande mmoja na chupa ndogo ya oksijeni juu yake: ndege akianguka, mlango hufungwa, oksijeni hufunguliwa, naye huzinduka tayari kwa zamu nyingine. Tundu la namna hiyo limehifadhiwa hata leo katika jumba la makumbusho la sayansi na viwanda mjini Manchester. Kanari waliendelea na kazi migodini Uingereza hadi mwaka 1986, ilipotangazwa kwamba ndege zaidi ya 200 wangestaafishwa na mahali pao kushikwa na vyombo vya umeme. Wachimbaji wengi walisikitika. Walikuwa wamezoea kuwapigia mbinja na kuzungumza nao.

Tazama basi vitu vilivyohitajika: ndege, taa ya kummulika, mtu wa kumtazama, na njia ya kutokea. Na cha tano, ambacho askari atakielewa kuliko raia: amri iliyokwisha kukubaliwa kabla ya kuingia, kwamba ndege akianguka watu watoke, pasiwe na mjadala. Kimoja kati ya hivyo kikikosekana, ndege huyo si mlinzi tena, ni mateka.

Majeshi nayo yalijifunza kazi hii. Katika Vita Kuu ya Kwanza, kuanzia mwaka 1915, jeshi la Uingereza liliunda kombania za wachimba mahandaki, wengi wao wakiwa wachimba migodi tangu kwao. Kazi yao ilikuwa kuchimba njia chini ya ngome za Wajerumani na kuzijaza baruti. Alfajiri ya tarehe 7 Juni 1917, huko Messines, Ubelgiji, mashimo 19 ya namna hiyo yalilipuliwa. Baruti ikilipuka chini ya ardhi huacha kaboni monoksidi katika nyufa za udongo, kwa hiyo kanari na panya waliishi na askari hao huko chini. Katika ukumbusho wa vita wa taifa la Scotland, uliofunguliwa mwaka 1927 ndani ya ngome ya Edinburgh, kanari na panya hao wamechongwa ukutani. Nami naona wamestahili.

Wala askari polisi asidhani kwamba hayo ni ya kale. Tarehe 20 Machi 1995 wafuasi wa dhehebu la Aum Shinrikyo walitia sumu ya sarini katika treni za chini ya ardhi mjini Tokyo na kuua watu. Siku mbili baadaye polisi walipokwenda kupekua makao ya dhehebu hilo, walivaa vinyago vya kuzuia gesi, na baadhi yao mikononi walishika matundu ya kanari. Hii ni Japani, nchi ya mitambo ya kila namna.

Lakini kuna upande wa pili, nao ndio unaoihusu barua yetu. Mnyama hafi kwa sumu peke yake. Mwanzoni mwa mwaka 2003 askari wa Marekani waliokuwa Kuwait wakijiandaa kwa vita vya Iraki walinunua kuku wapatao 40 wawe walinzi wao dhidi ya gesi. Haukupita muda mrefu, karibu kuku wote walikuwa wamekufa, na gesi haikuwapo. Walikufa kwa mambo yauayo kuku. Mlinzi apigaye kelele za uongo kila siku huwazoesha watu kulala, na siku ya kweli hakuna aamkaye.

Na kuna kosa lililo baya kuliko hilo: mnyama asema kweli, mtu asisikie. Jumamosi ya tarehe 10 Julai 1976, katika kiwanda kimoja cha kemikali kaskazini ya Italia, wingu la sumu liitwayo dioksini lilitoroka na kuuangukia mji wa Seveso na jirani zake. Siku zilizofuata majani yalinyauka, ndege wakaanguka, sungura na kuku wakafa mabandani, na watoto wakatokwa na vidonda vya ngozi. Wanyama zaidi ya 3,000 walikufa. Hata hivyo zilipita kama wiki mbili kabla ya watu wa kwanza kuhamishwa. Wanyama walikuwa wamekwisha kutoa taarifa yao. Aliyekosekana ni mtu mwenye mamlaka wa kuipokea.

Nami sina haki ya kuwacheka Waitalia, maana jambo kama hilo lilitokea nyumbani kwetu, mbele ya macho yangu, nikiwa mtoto wa miaka tisa.

Baba alikuwa koplo katika kambi moja ya milima ya Kigezi. Tulikaa katika nyumba ya mabati ya duara, ile ambayo jua likiwaka ni tanuri na usiku ni barafu. Tulikuwa watoto watano na mama. Katika kikapu kando ya ukuta, karibu na miguu yetu, alilala kuku mmoja mweusi na vifaranga vyake vinane, kwa kuwa nje palikuwa na kicheche. Usiku mmoja wa mvua, baba akiwa zamu, mama alimaliza kupika maharagwe chini ya upenu, akangoja moshi uishe kabisa, makaa yawe mekundu matupu, ndipo akaiingiza sigiri ndani. Mama yangu hakuwa mjinga. Alijua kwamba moshi ni mbaya. Hakujua, kama wengi wasivyojua hadi leo, kwamba makaa yasiyo na moshi ndiyo yamtoayo muuaji asiyeonekana. Kisha, ili moto udumu, akayafunika majivu. Yaani akayanyima hewa, na kwa kufanya hivyo akaiongeza sumu.

Asubuhi tulikuta vifaranga vitano vimekufa. Vilikuwa vimelala ubavu, midomo wazi, bila damu wala jeraha. Kuku mwenyewe alisimama akiyumba kama mlevi. Sisi watoto tuliamka na vichwa vizito, na dada yangu mdogo, wa miaka mitatu, alitapika uji. Mama alitazama kikapu, akasema, "Kideri kimeingia." Jirani akakubali kwamba ni kideri, kwa kuwa kwake pia kuku alikuwa amekufa wiki ile. Wakasaga pilipili, wakampa kuku maji ya pilipili. Kuku akapona mchana ule, akila nje juani, na jambo hilo likaonekana kuwa ushahidi wa nguvu za pilipili.

Nimelifikiri jambo hilo kwa miaka mingi. Kila kitu kilichohitajika tulikuwa nacho. Ndege alikuwapo, naye alifanya kazi yake sawasawa na kanari wa Wales. Kichwa kiliuma kwa watu wote wa nyumba kwa siku moja. Wote, kuku na watu, walipata nafuu walipotoka nje. Hakuna aliyeziunganisha habari hizo tatu, kwa sababu kila moja ilikuwa na maelezo yake ya kawaida: kuku wana kideri, watoto wana mafua, na mtoto mdogo amekula kitu kibaya.

Usiku wa pili mvua ilirudi, na sigiri ikarudi ndani. Nakumbuka niliamka nikitaka kwenda haja, nikakuta miguu si yangu. Sikuogopa. Hilo ndilo linalonitisha nikilikumbuka: sikuogopa hata kidogo, niliona tu kwamba ni afadhali nilale tena. Baba alirudi kama saa kumi usiku kuchukua koti lake la mvua alilolisahau. Bila koti lile nisingekuwa nikiandika safu hii. Alibisha, hakuitikiwa, akausukuma mlango kwa bega. Alitutoa mmoja mmoja, akatulaza matopeni chini ya mvua. Vifaranga vilivyobaki na kuku wao vilikuwa vimekufa kitambo.

Mganga wa zahanati ya kambi hakuuliza habari za chakula. Alimwuliza baba maswali mawili: "Je, palikuwa na moto ndani? Kuna mnyama aliyekufa?" Baba alipomweleza habari za jana yake, mzee yule alikaa kimya, kisha akasema kwamba kuku wetu walikuwa wametupigia saluti na sisi hatukuijibu. Sote tulipona, ila dada yetu mdogo alikaa hospitalini siku nyingi, na maneno aliyokuwa amekwisha kujifunza kuyasema yalimpotea. Aliyapata tena baada ya miezi. Mama hakufuga kuku ndani tena maisha yake yote, na hakupenda mtu kuzitaja siku hizo mbele yake. Sikumlaumu, wala simlaumu.

Sasa nirudi kwa mke wa konstebo, lakini kwanza neno moja kwa wasomaji walio kazini mpakani, upande wa Kisoro na ng'ambo yake, maana huko iko hewa nyingine isiyotoka kwenye moto. Kaskazini ya Ziwa Kivu, karibu na Goma na Sake, chini ya milima ya moto ya Nyiragongo na Nyamulagira, wenyeji huiita mazuku. Hiyo ni kaboni dioksidi itokayo ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa kiasi cha mara moja na nusu, kwa hiyo hutulia mabondeni, katika mashimo na nyufa za mawe ya volkano, hasa usiku na alfajiri pasipo na upepo. Huko pia wanyama ndio wa kwanza kufa: mbuzi, mbwa, ndege, hata nyoka. Lakini sababu si ile ya kanari. Mbuzi hufa kwanza kwa kuwa pua yake iko chini. Mtu mzima aweza kupita amesimama asisikie kitu, na mtoto aliyemshika mkono akaanguka.

Kwa hiyo ukiona mizoga katika bonde dogo, usishuke. Askari aliye na njaa na mbuzi aliyekufa bila jeraha ni hatari wakikutana, maana mtu huinama kumwokota, na kuinama ndiko kunakomwua. Wala mwenzio akianguka usimrukie kwa mikono mitupu. Mvute kwa kamba au kwa mti mrefu, ukiwa juu. Katika nchi ya Kameruni, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, hewa iyo hiyo ilitoka kwa wingi katika Ziwa Nyos ikashuka mabondeni, ikaua watu zaidi ya 1,700 na maelfu ya mifugo. Ng'ombe walikuwapo wengi, lakini hawakumwonya mtu. Walilala mahali pamoja na wenyewe, wakafa saa moja nao.

Watu wengine hushusha taa ya mafuta kisimani kabla ya mtu kuingia, na ikizimika hujua kwamba hewa ni mbaya. Desturi hiyo ni nzuri, ifuatwe. Lakini ijulikane kwamba taa huzimishwa na kaboni dioksidi nyingi, au na ukosefu wa oksijeni. Kaboni monoksidi haiizimi. Kisima kilichotiwa mashine ya petroli ya kuvutia maji chaweza kumwua mtu huku taa yake ikiendelea kuwaka vizuri kabisa.

Mama, hili ndilo jibu langu kwako. Ni kweli kwamba kuku ataonja hewa mbaya kabla yako. Si kweli kwamba atapiga kelele. Kuku gizani hutia kichwa katika manyoya na kunyamaza, na hewa hii haimchomi hata apige ukelele, bali humlegeza kimyakimya kama ilivyotulegeza sisi. Na hata angelia, angemlilia nani? Ndege wa mgodini alitazamwa na mtu aliye macho. Wewe utakuwa umelala, umekwisha kuvuta hewa ile ile, na akili inayopaswa kuamua kutoka nje ndiyo ya kwanza kulewa. Tena nyumbani mwenu yumo mwingine apumuaye upesi kuliko wewe. Mtoto mchanga huonja kabla ya mama, na aliye tumboni huumia hata mama akipona. Majirani wanapokushauri uweke kuku, tayari umekwisha kumweka mwanao lindoni pasipo kujua.

Sigiri ilale nje. Isiingizwe hata makaa yakiwa mekundu bila moshi, hata yakiwa yamefunikwa majivu, hata mlango ukiachwa wazi kidogo. Joto la watoto litafutwe kwa njia nyingine: chemsha maji jioni, yatie katika chupa yenye kifuniko imara, izungushie kitambaa kizito, uiweke blanketini miguuni mwao. Walaze pamoja. Tandika magunia au maboksi ya karatasi chini ya mkeka, kwa kuwa baridi nyingi ya nyumba ya mabati hupanda kutoka sakafuni. Mumeo naye amwombe mkubwa wa kambi ruhusa ya kutoboa matundu ya hewa juu ya ukuta, pande mbili zinazokabiliana, si upande mmoja.

Ikitokea kwamba watu wawili au watatu wa nyumba moja wameumwa kichwa, wamesikia kizunguzungu na kichefuchefu kwa wakati mmoja, na wanapata nafuu wakitoka nje, msianze kutafuta homa. Tokeni wote kwanza. Aliyezimia atolewe nje upesi, apelekwe hospitali akapewe oksijeni. Asinyweshwe maziwa, maziwa hayaitoi hewa hii katika damu, na mtu aliyezimia huweza kupaliwa nayo akafa. Na kuku akifa usiku ndani ya nyumba yenye moto, msimwite mwenye pilipili.

Kwa afande wa zamu nina ombi: tazama vibanda vya lindo usiku wa mvua, na mahema pia. Debe la makaa miguuni pa mlinzi limewalaza askari wengi ambao mashtaka yao yalisomeka kuwa ni uzembe. Kabla hujamwandikia mtu kosa la kusinzia, weka kichwa chako ndani ya kibanda hicho, uone ni nini kilichokuwa kikiwaka.

Kuku wako, mama, mjengee banda la miti lililoinuliwa kutoka ardhini, mlango wake uwe na komeo. Kicheche hapandi kwa urahisi nguzo iliyofungiwa bati. Namna ya kuifunga bati hiyo, pamoja na barua mbili kuhusu fukusi katika mahindi, nitazieleza wiki ijayo.